Firigisi ya Paluku

“Watu wenu wameniharibia kazi!”

Hakunisalimu. Hakuuliza nimeamkaje, wala kama nina homa au la. Wiki nzima sijamtia machoni, nimevaa shati nililopiga pasi mpaka mama akanicheka, nimesimama mbele ya duka la mama kama bwana harusi aliyeachwa na msafara wake, halafu Arinda anashuka kwenye boda, anamlipa mwenye boda yake, ananigeukia, na hilo ndilo neno lake la kwanza.

“Karibu Bwera,” nikamwambia.

“Kambale, usinichekeshe. Mimi nimechoka.”

Alikuwa amechoka kweli. Vumbi la barabara ya kutoka Kasese lilikuwa limemkaa kwenye kope, na mkoba wa kompyuta alikuwa ameukumbatia kifuani kama mtoto mgonjwa. Lakini jamani, mwanamke huyu! Akiniangalia tu, hasira yangu inasahau ilikuwa inakwenda wapi. Nikampokea mkoba. Vidole vyetu vikagusana. Akavitazama, akaona haya, akakumbuka kwamba amekasirika, akavuta mkono wake.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, na wateja kutoka Kongo, ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, walikuwa wamejaa barabarani na mafurushi yao. Kwangu ilikuwa siku ya kuamua. Alhamisi ya wiki iliyofuata Arinda angepanda ndege kwenda Ujerumani kuendeleza utafiti wake, miaka miwili. Kabla hajaondoka nilitaka wazee wetu wafike Hima, kwa baba yake aliyezeekea kwenye kiwanda cha saruji, wabishe hodi na kusema kwamba binti huyu amepata mwenyewe. Na bila neno la mama yangu, hakuna mzee wetu hata mmoja ambaye angevaa koti.

Mama alikuwa amekataa. Hakukataa kwa kelele. Kila nikimgusia, anasema, “Ngoja kwanza.” Arinda akadhani mama hampendi kwa sababu ya kabila, siku nyingine akadhani ni kwa sababu ya digrii zake. Kwao nako mama yake alikuwa ameshasema, “Mkongo? Mtu ambaye leo yuko hapa kesho haonekani?” Basi Arinda alichukulia kwamba kila mlango una kufuli lake, akaacha kuuliza.

Na hapo ndipo paliponiuma, msomaji. Hapo pa kuacha kuuliza.

Kwetu sisi Wanande wa Butembo, na kwa ndugu zetu Wakonzo wa huku Kasese, mtoto hapewi jina kwa kubahatisha. Mvulana wa kwanza ni Paluku. Wa pili ni Kambale. Wa tatu ni Kasereka, na kuendelea hivyo. Nikisema naitwa Kambale, mtu yeyote wa huku, hata mama muuza nyanya ambaye hajawahi kuniona, anajua kwamba juu yangu kuna mwingine. Ananitazama, anamtafuta nyuma ya bega langu. “Kambale? Na mukubwa iko wapi?”

Mkubwa wangu haonekani. Mwaka ule tulipokimbia vita na kuvuka mpaka kuja Bwera, alirudi Butembo kuchukua vyombo vilivyobaki, na hakurudi tena. Hakuna kaburi, hakuna habari. Watu wakaniuliza mpaka nikaanza kuchukia jina langu mwenyewe. Halafu akaja Arinda pale redioni ninapofanya kazi, akitafuta mtu wa kumsaidia kutafsiri. “Naitwa Kambale,” nikamwambia, nikajikaza kungoja lile swali. Yeye akatabasamu, akasema, “Jina tamu.” Basi. Nikapumzika! Nilimpenda siku ile ile, kwa sababu hakuuliza.

Mwaka ukapita. Mapenzi yakakolea, na yeye bado hakuuliza. Ninyi mliopenda mnajua: kile ulichofurahi mtu asikiguse, siku moja unatamani akiguse yeye tu. Nikaanza kungoja. Tukiwa tumekaa, mkono wake kwenye mkono wangu, nasema moyoni: uliza, Arinda. Uliza leo. Yeye ananieleza mambo ya kompyuta.

“Kaa,” nilimwambia Ijumaa hiyo, nikamvutia kigoda nyuma ya duka, karibu na jiko ambapo mama alikuwa anasonga bugali. “Sema. Watu wetu wamekufanya nini?”

Akafungua kompyuta magotini.

Niwaeleze kazi yake, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda kuielewa. Arinda anachunguza akili, ya mtu na ile waliyoipa kompyuta. Anawasomea watu hadithi fupi ya sentensi mbili tatu, kisha anauliza swali ambalo jibu lake halimo kwenye hadithi. Kompyuta nayo inaulizwa hilo hilo. Anataka kujua binadamu anajuaje jambo ambalo hakuambiwa, na kwa nini mashine iliyosomeshwa maandishi ya dunia nzima inajikwaa pale ambapo mtoto anapita akiimba. Baadhi ya hadithi nilimwandikia mimi. Moja niliiandika kwa makusudi yangu.

“Hii hapa,” akasema, akasoma kwa sauti ya kukasirika. “Kambale alifika kwenye harusi yake amependeza. Watu wakanyamaza, wakaanza kutazamana. Swali: kwa nini walinyamaza?”

“Eh. Wamejibu nini?”

“Mashine inasema labda alichelewa. Labda bibi harusi hajafika. Sawa, majibu ya kawaida. Sasa sikia watu wa Bwera. Huyu: Paluku iko wapi? Mwingine: atamtanguliaje Paluku? Mwingine: maskini, Paluku alishakufa. Mwingine, mama mzee, alianza kulia kabisa, ikabidi nisimamishe! Kambale, hakuna Paluku kwenye hiyo hadithi! Nimeisoma mpaka macho inauma. Wote wamejibu Paluku, Paluku, Paluku. Wametoa wapi?”

 Jikoni mwiko wa mama ulikuwa umenyamaza.

“Najua wametoa wapi,” akaendelea. “Wameambiana. Mmoja ametoka nje akaona bango la duka ya mama yako, MAMA PALUKU VITENGE, akaona ni jina ya kuchekesha, akaambia wengine. Msimamizi wangu amesema watu wakiambiana majibu, niondoe Bwera yote. Yote! Unajua maana yake? Naenda Ujerumani mikono mitupu. Kazi yote ile, jua lote lile, na wewe umenisindikiza nyumba kwa nyumba. Kwa ajili ya jina ya duka!”

“Jina la duka,” nikasema.

“Sasa Paluku ni nani? Si ni duka?”

Haya. Mwaka mzima nimengoja mdomo ule useme maneno yale. Paluku ni nani. Nilikuwa nimepanga kabisa nitakavyomjibu, nitamshika mkono namna gani. Na leo ameyasema, lakini ameyasema kwa sababu ya kompyuta. 

“Futa,” nikamwambia.

“Nini?”

“Si umeambiwa ufute Bwera? Futa. Futa Bwera yote, ukimaliza futa na miye, maana na miye ni wa Bwera.”

“Kambale, mimi nimekufanya nini?”

“Hujanifanya kitu. Hujawahi kunifanya kitu, hiyo ndiyo shida!”

“Usinipigie kelele kwenu. Mama yako anasikia.”

“Asikie! Wewe unasomea akili za watu, Arinda. Unakwenda kwa mama mzee usiyemjua, unamuuliza ‘unafikiri nini, unajuaje’, unamsikiliza vizuri, unamtazama. Miye niko mbele yako mwaka mzima. Miye umeniuliza nini?”

Arinda si mtu wa kulia kwanza. Alifunga kompyuta.

“Mimi si mganga,” akasema polepole. “Sikia vizuri. Mimi si mganga, na si hiyo mashine. Kama kuna kitu, una mdomo. Kila asubuhi unasomea wilaya nzima matangazo, unaambia watu wote nani amefiwa, nani amepoteza ng'ombe. Mimi peke yangu ndiyo unangoja nijue bila kuambiwa? Huo ni mtihani, Kambale. Hayo si mapenzi.”

 Ukweli ukikupiga usoni hauombi radhi.

“Nimekuja hapa,” akaendelea, sasa machozi yakimshuka bila ruhusa yake, “nimegombana na mama yangu kwa sababu yako. Nimemwambia, huyo Mkongo nitafia kwake. Nimekuja nimsikie mama yako anasema ndiyo ama hapana, nijue naondoka kama mchumba wa mtu ama naondoka tu. Halafu unaniambia nikufute.”

Nilitaka kumshika. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini kiburi, ndugu zangu! Kiburi kikaniambia ngoja aanze yeye, nacho kikamwambia Arinda hivyo hivyo, na sisi wawili tukakaa pale kwenye vigoda, magoti yakikaribia kugusana, kila mmoja akitazama kuku wa jirani.

“Mutapigana mukisha kula,” mama akaita kutoka ndani. “Kuyeni.”

Mama yangu ni mwanamke mfupi, wa maneno machache. Kitenge chake kilikuwa kipya siku hiyo, nikajua kwamba naye alikuwa ameamka akijua ni siku gani. Arinda akafuta uso haraka, akaingia, akamsalimu kwa Kinande nilichomfundisha mimi.

“Wasibire, Mama Kambale.”

Mama akaitikia. Kila mara Arinda akimwita Mama Kambale, mama huitikia hivyo hivyo, nusu pumzi, kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni akaamua kuvumilia. Duniani kote hakuna mwingine anayemwita hivyo. Kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza.

Tukanawa. Palikuwa na bugali, sombe ya majani ya muhogo, na kuku mzima, maana mgeni wa namna ile hapewi maharage. Mama akagawa mwenyewe. Paja akampa Arinda. Kidari akanipa mimi. Yeye akachukua bawa. Kisha akaitoa firigisi kwenye mchuzi, taratibu, akaiweka kwenye kibakuli kidogo cha bati, akaifunika kwa kisahani, akaisogeza kando.

Mimi sikuangalia hata. Nimezoea. Tangu mwaka ule, kila kuku anayechinjwa nyumbani kwetu, firigisi inafunikwa. Jioni inatupiwa paka wa jirani. Paka yule amenenepa mpaka anachekesha.

Lakini Arinda aliona. Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikiukasirikia bugali, nikahisi mkono wake umesimama njiani. Nikainua macho. Alikuwa anakitazama kile kibakuli. Akanitazama mimi. Akarudi kwenye kibakuli.

“Kwetu Hima,” akasema kwa sauti ndogo, “firigisi ni ya baba. Baba akiwa hayupo, ni ya mwanaume mkubwa wa nyumba.”

“Na kwetu ni hivyo,” mama akajibu.

“Lakini Kambale hujampa.”

Mama alimega tonge, akalirudisha kwenye sahani. 

Nilimwona Arinda anafikiri. Nimemwona akifikiri mara nyingi, uso ukiwa umekunjamana mbele ya kompyuta, lakini siku ile ilikuwa tofauti, kwa sababu ilikuwa inamuuma. Alitazama mlangoni, kule ambako bango la duka linaonekana kwa nyuma, herufi zikiwa zimegeuka. Midomo yake ikasoma polepole. Kisha akanigeukia, macho yamejaa.

“Hiyo hadithi,” akasema. “Uliandika wewe.”

“Niliandika miye.”

“Aliyefika kwenye harusi yake, watu wakanyamaza…”

“Ndiyo.”

“Ee Mungu wangu.” Akaweka mkono mdomoni. “Bwera yote walijua. Hawakuambiana. Walijua tu. Tuliokosa ni wawili, mimi na mashine.”

Akashuka kwenye kiti. Kwao Wakiga mwanamke akimheshimu mtu hupiga magoti, na Arinda mwenye digrii zake alipiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji mbele ya mama yangu, mikono bado ina mchuzi.

“Mama Paluku,” akasema. “Nisamehe. Paluku iko wapi?”

Mimi nikageuza uso kuangalia ukuta. Nawaambieni ukweli, sikuweza.

 Nilidhani mama hatajibu. Mimi mwenyewe, mwanawe, hajawahi kunijibu zaidi ya “iko njiani”.

“Nilimutuma miye,” mama akasema. “Tulikuwa tumefika hapa, tuko wazima wote. Nikakumbuka masini yangu ya kushona, bwana yangu ndiye alininunulia, ilibaki Butembo. Paluku akasema, mama, iache, tutanunua ingine. Nikakatala. Nikamwambia, enda uniletee masini yangu.” Akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. “Batu baliuliza sana, halafu bakachoka. Sasa hata hawaniulizi miye, wanamuuliza huyu. Weye ndiye wa kwanza kuniuliza miye tangu siku nyingi.”

“Pole, mama. Pole sana.”

“Masini ilinichukulia mutoto. Halafu na weye unakuya na masini yako, unataka Kambale. Nikasema, hapana. Na huyu akioa, batu watasema mama yake ameisha kubali. Mudogo hatangulii mukubwa kama mukubwa iko. Nikitoa wazee waende Hima, nakuwa nimemuzika Paluku kwa mukono yangu.”

Hapo sasa ndipo Arinda aliposikia sababu yenyewe, ile niliyomficha kwa kiburi changu. Niliingoja hasira yake. Nilidhani atasema, basi mimi nifanye nini, mimi naondoka Alhamisi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

“Basi usitume wazee, mama,” akasema.

“Arinda!” nikaruka.

“Nyamaza, Kambale. Naongea na mama.” Akamshika mama mikono yote miwili. “Usimzike mtoto wako kwa ajili yangu. Mimi nitaenda, nitarudi. Nikirudi nitakuja hapa kwanza, kabla ya Hima, niulize tena. Paluku iko wapi. Ukisema bado, nitangoja na wewe. Lakini usiseme hunitaki kwa sababu ya mashine. Ile yangu haijui hata kuuliza.”

Mama akamtazama. Akamtazama kweli kweli, kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka magoti yaliyokuwa sakafuni, kama anayepima kitambaa cha mtu ambaye nguo yake hataki kuikosea.

“Usiumize magoti ya mutoto wa watu bure,” akasema mwishowe. “Kaa kwenye kiti. Chakula inapoa.”

Arinda akakaa. Hakuna aliyekula. Nje wateja walikuwa wanaita, “Mama Paluku! Mama Paluku!” na mama hakwenda.

“Kambale,” akaniita.

“Mama.”

“Kule kwenye radio. Yale matangazo ya batu wanaotafutwa. Unayasoma asubuhi?”

“Kila asubuhi, mama.”

Alijua. Nilikuwa nimemwomba mara nyingi anikubalie nisome na la kwetu. Alikuwa akinijibu, anayetangazwa amepotea, na mutoto yangu hajapotea, amekawia.

“Amekawia sana,” mama akasema. “Kesho, na yeye umusome. Soma hapa kwanza, nisikie kama inakuwa muzuri.”

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama. Nimesoma matangazo ya watoto wa watu wengi, sauti yangu inajua njia yenyewe. Nikakohoa, nikavuta ile sauti ya redioni.

“Anatafutwa Paluku,” nikaanza, nikaishia hapo. Arinda akanishika mkono. Nikaanza tena. “Anatafutwa Paluku, mwenyeji wa Butembo, mrefu, mwenye kovu kwenye kidevu. Yeyote aliyemwona, popote alipo, afike kwenye duka la vitenge la Mama Paluku, hapa Bwera. Anatafutwa na mama yake mzazi, na mdogo wake Kambale.”

 Tangazo lilikuwa limekwisha.

“Bado,” mama akasema. “Haijaisha. Ongeza.”

“Niongeze nini, mama?”

Alikuwa ameinama, anasogeza lile paja la kuku karibu na mkono wa Arinda, hamtazami yeyote kati yetu.

“Sema, na shemeji yake Arinda, wa Hima. Useme jina yake vizuri, akirudi amujue.”